Mtaa unaniona tajiri, mama mkwe ananiona marehemu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa Iringa mjini, mama wa watoto wawili, umri miaka 37. Nina duka la dawa maeneo ya Mshindo, na mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Sisi ni watu wa kawaida kabisa. Nyumba tunajenga kidogo kidogo, ada tunalipa kwa kubanana, na gari tulilonalo ni lile lile la tangu tuoane. Nayasema haya mapema kwa sababu ukisikia yanayofuata unaweza kudhani nakudanganya.

Ninarusha ndege. Si kazi yangu wala silipwi. Baba yangu alikuwa mtumishi kule Hifadhi ya Ruaha, na utotoni nilikuwa nikisikia mlio tu nakimbilia kiwanja cha Msembe kutazama vindege vikitua. Nilipoanza kujitegemea niliuza kiwanja changu cha Ipogolo, nikaongezea mkopo wa Saccos, nikaenda Nairobi kusoma kwenye shule moja ya urubani pale uwanja wa Wilson. Nilirudi na leseni ya rubani binafsi, nikafuata taratibu za TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, nikapata ya hapa nyumbani. Sasa mimi na wenzangu watatu tunamiliki kwa hisa Cessna 172 ya miaka ya 1970, inayokaa kwenye kiwanja cha nyasi cha shamba moja wilayani Mufindi. Naenda Jumamosi moja moja, hela ya mafuta ikiwepo. Isipokuwepo nabaki dukani.

Waliokuwa wanajua ni familia na marafiki wachache. Mwaka jana nilipita juu ya Kalenga, kwao mume wangu, nikashuka kidogo na kuinamisha bawa kuwasalimia. Watoto walitoka mbio wakishangilia. Kijana mmoja akarekodi, akarusha video kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "Mkwe wetu ana ndege yake". Tangu siku hiyo sina amani.

Kwenye kikoba chetu niliomba mkopo wa kuongeza bidhaa dukani. Mwenyekiti akasema mbele ya wote, "Mwenye ndege anatafuta nini kwa sisi wauza vitumbua?" Nikanyimwa. Kamati ya harusi ya binamu wa mume wangu imeniandikia milioni moja bila kuniuliza, wakati wenzangu wameandikiwa laki moja. Wateja wanataka niwapunguzie dawa kwa sababu hela zangu "ziko angani". Wapo wanaosema nimejiunga na Freemason. Wapo walioniuliza kama nautaka ubunge wa viti maalumu, maana wao chopa na vindege wamezoea kuviona wakati wa kampeni. Mwanangu mkubwa, yuko darasa la sita, wenzake walimuuliza kwa nini anakuja shule kwa bajaji wakati mama yake ana ndege. Alirudi analia.

Kinachoniumiza zaidi ni mama mkwe. Ilipoanguka ile ndege ya Makamu wa Rais wa Malawi Juni 2024, alinipigia usiku. "Umesikia? Mkubwa wa serikali, na marubani wa jeshi." Mwezi uliopita akaitisha kikao cha familia. Mbele ya baba mkwe na mawifi zangu akasema ninawatafutia wajukuu wake uyatima kwa ajili ya starehe. Nilimjibu kwa heshima, nikamwambia ndege ni salama kuliko basi, na kama ni hatari basi iko kwenye mteremko wa Kitonga. Akalia. Mume wangu alikaa kimya mwanzo mpaka mwisho wa kikao.

Halafu kuna shemeji yangu, anafanya biashara ya mbao Makambako. Anataka nimpeleke Songea yeye na wateja wake wawili, atanunua mafuta na kunipa "asante" kidogo. Nilikataa. Sasa anasema nimeanza kujidai.

Mume wangu anashauri niendelee kimyakimya, nikienda Mufindi niseme nimefuata bidhaa Makambako. Shangazi, nifiche? Niache kabisa? Nifanye nini watu wanione kama mtu mwingine yeyote mwenye kitu anachokipenda?

Rubani wa Jumamosi, Iringa


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako yote, na mahali pa kikao nimerudia, kwa sababu uzito wote uko pale. Ulibishana na mama mkwe kwenye hoja ambayo yeye ana haki kuliko wewe, halafu kwenye suala la fedha, ambalo ungeweza kulieleza ukaeleweka, ukakaa kimya. Tuanze na mama.

Uliposema ndege ni salama kuliko basi ulitumia sifa ya ndege za abiria. Hizo zina marubani wawili, injini zaidi ya moja, mafundi wa kudumu, na watu wa chini wanaoziongoza tangu zinapoondoka mpaka zinapotua. Kindege cha injini moja kinachorushwa na mtu mmoja siku ya mapumziko kina hesabu yake nyingine. Marekani, ambako vindege binafsi ni vingi na ajali zake zinawekwa hadharani, kiwango kimekuwa takribani ajali moja yenye vifo kwa kila saa 100,000 za kuruka. Watu wa fani wakitafuta cha kulinganisha nacho barabarani hutaja pikipiki, hawataji basi. Mama mkwe wako hajui takwimu hizo, ila hofu yake imekaribia ukweli kuliko jibu ulilompa. Ukimpa mtu mzima jibu asiloweza kulipinga, na moyoni anahisi halijakaa sawa, umemfunga mdomo tu. Ndiyo maana alilia.

Tena angalia mfano alioutoa. Ndege ile iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu tarehe 10 Juni 2024. Ilishindwa kutua kwa sababu uwanja haukuonekana vizuri, ikaambiwa irudi, ikaangukia msitu wa Chikangawa, na hakupona mtu. Ile ilikuwa ndege ya jeshi, kubwa kuliko yenu. Lakini milima, misitu na mawingu ya kule kaskazini mwa Malawi havina tofauti kubwa na vya kwetu huku. Bibi wa Kalenga aliyesikia habari hiyo redioni akamfikiria mkwewe anayepaa kutoka Mufindi hajachanganya mambo hata kidogo.

Wewe mwenyewe unajua ukungu unavyoua marubani wa leseni yako, wanaoruka kwa kutazama nje. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua watu 20 ambao hawakuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake, wakawekwa kwenye ndege halisi na kuzuiwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, hata dakika tatu hazikutimia. Sikio la ndani linamwambia mtu yuko sawa kumbe ndege inageuka, anaitii hisia yake, na ndege inakwenda chini kwa mzunguko. Na kiwanja chenu kiko Mufindi, mahali ambapo chai inastawi kwa sababu ya unyevu na ukungu huo huo.

Kwa hiyo nenda Kalenga, usisubiri kikao kingine, na uende peke yako. Usiende na takwimu za basi. Mwambie hofu yake ni ya haki. Mwambie yanayowamaliza watu wengi kwenye vindege vya namna hii ni kuingia kwenye mawingu, kuishiwa mafuta, na kuruka chini na polepole mpaka bawa likashindwa kuibeba ndege. Kisha mweleze kwa kila moja unafanya nini, kwa maneno anayoweza kuyashika. Kilima fulani kisipoonekana kutoka kiwanjani, hakuna kuruka siku hiyo, hata kama umetoka Iringa kwa nauli yako na mafuta yameshalipiwa. Mafuta yanahesabiwa ili utue ukiwa na akiba ya saa nzima. Juu ya nyumba za watu hushuki. Kama hukuwa umejiwekea masharti haya kwa maandishi, yaandike kabla ya kwenda kwake, na mume wako apewe nakala. Mpe ruhusa ya kukuuliza kila unaporudi.

Kuna jambo la nyanda zetu ambalo wengi hawalijui, na lingemsaidia mama kuelewa kwamba unaruka kwa hesabu. Mafinga na Mufindi ziko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini ya kawaida kama ya Cessna yenu inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pale kiwanjani, kabla hata hujaachia breki, karibu moja ya tano ya nguvu yake haipo. Jua la mchana likiwaka, hewa inazidi kuwa nyepesi, ndege inataka njia ndefu zaidi ya kukimbilia, na nyasi zinaivuta. Asubuhi sana kuna ukungu, mchana kuna joto na upepo. Saa za kuruka kwa raha ni chache, na rubani wa kwetu anayetaka kuzeeka lazima akubali kurudi nyumbani mara nyingi bila kuruka. Mwambie mama kuhusu siku hizo. Yeye anaziona tu siku ulizopaa, hana habari na Jumamosi ulizofika kiwanjani, ukatazama mawingu, ukafunika ndege na kurudi zako Iringa.

Halafu mwalike. Sisemi apande. Aje akae kwenye kiti chini ya mti akutazame unavyoikagua. Kuna kitendo kimoja kinachomfaa mtu ambaye hajawahi kuisogelea ndege. Ule wakati unapoinama chini ya bawa na kikombe chako cha plastiki, unabonyeza, unakinga mafuta kidogo, unakiinua juani. Petroli ya ndege yenu ni ya rangi ya buluu hafifu. Kama maji yameingia kwenye tangi, na kwenu mnakotumia mapipa yanaweza kuingia, yanatulia chini ya kikombe na mpaka wake unaonekana kwa macho. Mpe akishike mwenyewe. Mwonyeshe kwamba mafuta yasipokuwa safi hakuna safari. Halafu mweleze kuwa injini ina mifumo miwili ya kuwasha cheche, kila silinda ina plagi mbili, na kwamba kabla ya kupaa unazima mmoja, unausikiliza mwingine, kisha unabadilisha. Mweleze pia kwamba injini ikizimika angani ndege haianguki kama jiwe. Kila mita moja inayoshuka, Cessna 172 inasogea mbele karibu mita tisa, na unatafuta shamba la kutulia. Katika milima yetu shamba la kutulia halipatikani kila mahali, na hilo pia umwambie. Akigundua umemficha moja, hata yale mengine tisa hatayaamini.

Kwenye suala la uyatima kuna swali la kikubwa ambalo kikao chenu hakikuliuliza. Je, bima yako ya maisha, kama unayo, inamlipa mtu aliyefariki akirusha ndege kwa burudani? Mikataba mingi ya bima ya maisha inaiondoa hatari hiyo au inaitoza zaidi. Chukua mkataba usome kipengele kwa kipengele, usikubali jibu la mdomo la wakala. Kama haipo, tafuta inayoikubali, hata kama itakula mafuta ya Jumamosi kadhaa. Andika na wosia wa duka na nyumba. Ukimwekea mama mkwe karatasi hizo mezani utakuwa umejibu alichokuuliza. Wajukuu wake watakula nini na watasoma kwa nini, hilo ndilo lililokuwa ndani ya machozi yale.

Na hapo hapo niseme la upande wako, kwa sababu sitaki udhani namtetea mama peke yake. Angekuwa mume wako ndiye mwenye leseni, nina shaka kama kikao kingeitishwa. Wanaume wa Iringa wanaendesha pikipiki usiku bila kofia, wanapanda fuso za mbao kutoka Mafinga wakiwa juu ya mzigo, na hakuna aliyeitiwa wazee. Una haki ya kupenda kitu kinachokuogopesha kidogo, mama wa watoto kama ulivyo. Watu watakushauri ujitetee kwa kutaja mambo makubwa yaliyofanywa na vindege hapa kwetu: madaktari wa AMREF walioanza kuruka mwaka 1957, au Mjerumani mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliojifunza urubani ili wawahesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958. Mambo hayo ni ya kweli, na kijana Michael alikufa kwenye kazi hiyo Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai. Lakini wewe huhesabu nyumbu wala hubebi wagonjwa. Ukianza kusingizia huduma kwa jamii, siku moja mtu atakuuliza huduma hiyo iko wapi. Sema unapenda. Mtu anayetoka Mbeya kwenda Dar kwa basi kutazama Simba na Yanga, akalala kwenye kiti na kurudi kesho yake, hadaiwi maelezo ya faida.

Mume wako nina ugomvi naye. Kimya chake kwenye kikao kilikuacha peke yako mbele ya ukoo wake, na sasa anataka na wewe unyamaze. Ushauri wake wa kuficha ukatae, na sababu kubwa iko nje kabisa ya maneno ya watu. Rubani anayeruka kwa siri ni rubani ambaye hakuna anayejua amekwenda wapi wala anatarajiwa saa ngapi. Ukilazimika kutua kwenye bonde la huko Udzungwa au pembeni mwa Kitulo, uhai wako utategemea mtu mmoja aliye chini anayejua njia uliyoifuata na ambaye saa ikipita atapiga simu. Mtu huyo awe mume wako. Hawezi kukutafuta Mufindi kama amewaambia watu uko Makambako kufuata dawa. Kila safari mwachie karatasi: unapotoka, unapopita, unapotua, saa ya kurudi, na namba za kupiga. Na kwa mama yake aende yeye kabla yako, aseme kwa kinywa chake kwamba anajua unachofanya na amekikubali. Kama hajakikubali, malizaneni hilo chumbani kwanza, kabla hujapaa tena.

Sasa fedha. Umeumia kuitwa tajiri, lakini jiweke upande wa mama muuza vitumbua wa kikoba chako. Ndege ndogo alizowahi kuziona zilibeba nani? Watalii wa Ruaha wanaopita juu ya kichwa chake. Waheshimiwa. Wenye mashamba makubwa. Wagombea wanaoshuka na chopa uwanja wa mpira vumbi likiruka mpaka kwenye masufuria. Katika maisha yake yote kindege hakijawahi kubeba mtu anayehangaika na ada kama yeye. Halafu siku moja anaiona video, na aliye ndani ni mwenzake anayekaa naye kwenye mkeka kuhesabu hisa. Alitakiwa afikirie nini? Kwamba uliuza kiwanja cha Ipogolo hakuambiwa. Kwamba ndege ni ya watu wanne hakuambiwa, na video ilisema "ndege yake". Uongo wa Freemason huwa unaingia pale ambapo maelezo ya kawaida hayakutolewa.

Maelezo yako ni mazuri, yatoe. Cessna 172 imetengenezwa tangu mwaka 1956 na zimeshatoka zaidi ya 44,000, hakuna aina ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hiyo. Mpya inauzwa zaidi ya dola 400,000, na hiyo kweli ni ya matajiri. Ya miaka ya 1970 haizidi bei ya Land Cruiser mpya, nanyi mmeigawana wanne. Watu wanaoiona Land Cruiser kila siku pale Miyomboni wataielewa hesabu hiyo papo hapo. Ila usivuke mpaka ukasema ni starehe ya bei nafuu. Saa moja angani inakunywa lita 30 na kitu za petroli ambayo ni ghali kuliko ya gari, na bado kuna fundi, ukaguzi wa kila mwaka na bima. Kwa mtu wa vitumbua hiyo ni hela nyingi, na ukimwambia ni kidogo utakuwa umemtukana. Mwambie ulikipoteza kiwanja ili upate leseni, na kwamba kuna miezi hurushi kabisa kwa sababu hela haipo. Hilo litamwingia.

Wa Freemason usiwajibu. Ukikanusha leo, kesho utaulizwa mbona umekanusha.

Kalenga lazima tulizungumze. Wewe unaiita salamu. Kwa aliyekuwa uani anaanika mahindi ni mlio mkubwa uliokuja ghafla juu ya bati, kuku wakatawanyika, watoto wakakimbilia barabarani bila kuangalia gari. Unazijua kanuni: juu ya makazi usipungue mita 300 kutoka kilele cha kitu kirefu kuliko vyote kilicho karibu, na kwingine usipungue mita 150. Kushuka chini ili kuonekana na watu unaowajua ni moja ya njia za zamani sana za kufa kwa marubani wa burudani. Macho yako kwenye uso wa mtu, mkono unavuta, mwendo unapungua. Na hata ukiwa salama, aliye chini anajisikia anatazamwa na mtu aliye juu yake. Mzee akisema umemdharau, anasema alichokihisi. Ukitaka kuwasalimia, nenda kwa bajaji.

Watoto wa shule ni rahisi kuliko wakubwa. Mume wako ni mwalimu. Aongee na mkuu wake wa shule, na wa shule ya mwanao pia, uende darasani siku moja na ramani yako, kitabu chako cha safari na kile kikombe. Wafundishe kwa nini bawa linabeba na kwa nini Mufindi ndege inakimbia mbali zaidi kuliko Dar. Mwanao akiwa amekaa dawati la tatu, mama yake akiandika ubaoni, swali la bajaji litajibika lenyewe: mama ana robo ya ndege, gari moja lililochoka, na bajaji ndiyo inayofika shuleni.

Shemeji wa Makambako ulimkataa vizuri, ila nadhani hukumpa sababu. Leseni ya rubani binafsi hairuhusu kubeba abiria wala mzigo kwa malipo. "Asante" ni malipo, na safari ya kupeleka wateja wa mbao ni biashara hata akiita matembezi. Likitokea lolote, bima ya ndege ina sababu ya kukataa kulipa, na watakaoumia ni pamoja na wenzako watatu wenye hisa. Tena kuna uzito. Watu wanne wazima na matangi yaliyojaa, kutoka kiwanja cha nyasi cha Mufindi, ni mzigo ambao hiyo Cessna haitaubeba salama. Mpigie mwenyewe, umwambie haya matatu kwa utaratibu huo. Akiendelea kununa, mume wako ndiye azungumze na ndugu yake.

Yamebaki ya harusi na kikoba, na haya yafanye wiki hii. Kwa mwenyekiti wa kamati nenda ana kwa ana, usijibu kwenye kundi. Mwambie unaishukuru kamati kwa kukuhesabu, na kwamba mchango wako ni laki moja kama wa rika lako, kisha itoe hapo hapo taslimu kabla ya wengine hawajaanza kutoa. Ukishusha mpaka laki tano kwa aibu, harusi zote za ukoo zitakuhesabia kuanzia hapo.

Kikoba omba nafasi ya dakika kumi kwenye kikao kijacho. Chukua daftari la duka uonyeshe mauzo na bidhaa unazotaka kuongeza, utaje kiwanja ulichouza na mkopo wa Saccos uliouchukua. Wakumbushe kwamba hisa zako zimo ndani ya sanduku kama za wengine na marejesho yako yameandikwa. Kisha waulize ni kipengele gani cha katiba ya kikundi kinachomnyima mkopo mwanachama kwa sababu ya kitu anachomiliki nje. Kama kipo, kisomwe. Kama hakipo, ombi lako lipigiwe kura siku hiyo hiyo, na katibu aandike matokeo na sababu kwenye muhtasari.

Shangazi